Mguu wa Kapteni Antezana

Kapteni Crisólogo Antezana alijivunia mguu wake. Alijifunza kuruka kwenye ndege za propela zilizobeba nyama kutoka mbuga za Beni hadi mji wa Cochabamba, juu milimani. Kwenye hizo, injini moja ikifa ndege hupinda, rubani hukaza mguu mmoja kwenye pedali kuinyoosha, na ule mguu uliobaki bila kazi ndio upande wa injini iliyokufa. Hakuhitaji karatasi. Na nyuma yake aliketi Don Macario, fundi wa ndegeni, mtu aliyejua injini itakohoa kabla haijakohoa. Zilipokuja jeti, kampuni ilimwachisha Macario kazi. Kiti chake kikawa cha kutupia makoti.

Badala yake akaletwa Nayra Choque, rubani msaidizi wa kike wa miaka ishirini na minane, na orodha yake ya hatua za kusomwa kwa sauti.

"Unanisomea kama mtoto wa katekisimu," Antezana alimtania kila asubuhi.

"Basi itikia amina, Kapteni."

Jumanne moja waliruka kutoka Cochabamba kwenda mji wa Trinidad, kule Beni, na abiria themanini na sita. Dakika ya tatu, mlima Tunari ukiwa umejaa kiooni, kishindo kikalia nyuma na ndege ikatetemeka. Antezana akausikiliza mguu. Lakini injini za ndege ile zimebanwa mkiani, karibu karibu. Moja ikifa, ndege haipindi sana. Mguu ukamwambia ni ya kulia. Mkono wake ukaenda kwenye kishikio cha kuzimia injini ya kulia.

Kanuni ni shika, taja, ngoja mwenzako athibitishe. Hakutaja wala hakungoja.

Mkono wa Nayra ukatua juu ya wake, ukaukandamiza. "Siyo hicho! Tazama saa za injini! Imekufa ya kushoto!"

Akatazama. Mishale ya kushoto ilikuwa imelala. Angevuta kile kishikio, wangebaki bila injini hata moja, na mlima uko pale.

"Soma," akasema. Nayra akasoma, yeye akafuata neno kwa neno. Wakazima ya kushoto, wakageuka taratibu, wakarudi kutua.

Abiria walipiga makofi. Bibi mmoja wa sketi pana aliubusu mkono wa kulia wa Antezana, ule ule wa kishikio. Jioni, kwenye kilabu cha pombe katika mji jirani wa Quillacollo, mafundi walimwaga chicha, pombe ya mahindi, kidogo chini kwa ajili ya Mama Ardhi, kisha wakainua vibuyu.

"Uishi mguu wa Kapteni!"

"Watoto wa siku hizi wangekuwa bado wanatafuta ukurasa!"

Wakacheka, wakamtazama Nayra. Naye alikuwa akichuna lebo ya chupa ya maji. Antezana alifungua kinywa, akakijaza chicha.

Asubuhi mkaguzi wa anga aliwaita wote wawili. Kinasa sauti cha ndege kilikuwa kimejifuta, akasema, hivyo angetegemea maneno yao. Akaanza na Nayra.

"Nani aliitambua injini iliyokufa?"

"Kapteni."

"Mlithibitishana?"

"Ndiyo."

Alijibu akitazama meza. Antezana alifahamu kwa nini: katika kampuni ile, mwanamke akimsema kapteni, hakuna kapteni mwingine atakayekubali kuketi naye. Alijua hivyo kwa sababu yeye mwenyewe angekuwa wa kwanza kukataa. Masikio yakamwaka moto kama ya mtoto aliyekamatwa akiiba sukari ya mama.

"Anasema uongo kunificha," akasema. "Nilishika kishikio cha injini iliyokuwa nzima. Sikutaja. Yeye ndiye aliyenizuia."

Mkaguzi akaweka kalamu chini. Akawaambia watoke kwanza.

Kwenye korido Antezana alivua kofia. "Binti, nisamehe."

"Jana walikuwapo watu ishirini pale kwenye chicha, Kapteni, na wote wananicheka. Ungesema jana, leo nisingekuwa mwongo mbele ya serikali."

Mlango ukafunguliwa. Katibu wa mkaguzi akamwita Nayra arudi, peke yake, aeleze kwa nini alidanganya. Antezana akapiga hatua amfuate.

"Wewe ngoja," katibu akamwambia, akafunga mlango.