Wazazi Wangu Walipokuja Kukiona Chuo

Barua ya baba ilinifikia Nairobi siku mbili tu kabla ya yeye mwenyewe kufika. Alikuwa ameandikiwa na katekista wa kijijini kwetu Bariadi, kwa mwandiko uliolala upande. Mwaka huo, ilisema, pamba imechukuliwa na mnunuzi binafsi aliyekuja na lori lake mpaka uwanjani kwetu, hakuna kusubiri ushirika, kwa hiyo yeye na mama wamepata nafasi ya kuja kukiona chuo. Niliisoma nikiwa nimesimama koridoni, nje ya chumba nilichopanga na msichana mmoja wa Musoma. Nilipofika mwisho nilikaa chini palepale kwenye sakafu.

Chuo kilikuwepo. Mimi ndiye nisiyekuwepo chuoni.

Nilikuwa nasomea udaktari wa mifugo. Mwaka wa pili nilifeli somo moja, la viungo vya ndani vya mnyama, nikapangiwa mtihani wa marudio. Asubuhi ya mtihani nilifika mpaka getini, nikawaona waliofaulu wakicheka, nikageuza. Nilijiambia nitaenda kesho kueleza. Kesho haikufika. Baadaye nilipata karatasi kwamba nimesimamishwa masomo mpaka niandike maelezo. Miezi mitano ilikuwa imepita, nami nilikuwa nimeajiriwa kwenye duka la kupiga chapa, nikichapa barua za watu wengine. Nyumbani niliandika kwamba masomo yanaendelea vizuri.

Waliteremka kwenye basi lililotoka Sirari, mpakani, asubuhi, wamechoka, vumbi la njiani limewakaa kwenye nyusi. Baba alikuwa amevaa koti lake la kanisani. Mama alikumbatia ndoo ya michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na juu yake kifurushi cha samaki, sato wakavu alionunua Lamadi walipokuwa wakisubiri basi. Nilipiga magoti palepale kwenye lami kuwaamkia kwa Kisukuma, watu wakatupita huku na huku.

"Mwangaluka, mayu. Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, ng'wanone," mama alisema, akanishika shavu. "Mbona umekonda?"

"Vitabu," baba akajibu kwa niaba yangu, na akafurahi sana kwa jibu lake.

Siku mbili za kwanza niliwatembeza kila mahali isipokuwa mahali walipokuja kupaona. Niliwapeleka kwenye jengo refu la mikutano, bustanini, sokoni. Sikuweza kutulia. Tukisimama dakika tano naona mtu kama mwalimu wangu. Tukikaa kunywa chai naangalia mlango. Mama alinivuta mkono katikati ya barabara.

"Mbona unatuswaga kama ng'ombe? Tumekuja kutembea, siyo kukimbia."

Alitaka kuona stesheni ya reli, kwa sababu yeye alizaliwa karibu na Malampaka na treni aliijua tangu utoto. Alisimama akaiangalia muda mrefu, kisha akasema kumbe ni reli ileile, ila hapa hakuna anayeuza karanga. Sokoni, kwenye milima ya nguo za mitumba, baba aliinua shati moja baada ya jingine akilisugua kwa kidole gumba. "Hii ni pamba," alisema. "Hii siyo. Hii ni pamba." Muuzaji alidhani ni mnunuzi mkubwa akamletea kiti. Nami nilikuwa nahesabu saa zilizobaki mpaka basi lao.

Siku ya tatu baba aliamka akavaa lile koti.

"Leo chuo."

"Baba, sasa hivi ni likizo. Hakuna mtu."

"Basi tutaona majengo."

Tukaenda. Tulipofika, wanafunzi walikuwa wamejaa njiani, na makoti yao meupe. Baba aliwaangalia.

"Hawa wa likizo wamebeba vitabu kwenda wapi?"

Nilisema wengine hupenda kujisomea. Askari wa getini aliniomba kitambulisho. Nikamwambia sisi ni wageni tu, tumekuja kutazama ng'ombe wa chuo. Nilisema kwa sauti ya chini, lakini baba alikuwa nyuma yangu hatua moja.

Kwenye mabanda alisahau kila kitu, au mimi nilidhani amesahau. Aliingia mpaka kwenye uzio, akapiga mluzi wa kwetu wa kuitia ng'ombe, na majike meusi na meupe, makubwa kama vibanda, yakainua vichwa. Mchunga ng'ombe wa chuo, mzee mwenye mabuti ya mpira, akaja kumsalimia. Walielewana mara moja, kwa Kiswahili kibovu cha pande zote mbili. Kisha yule mzee akaniona.

"Wewe! Ulipotelea wapi? Tangu mvua hatujakuona. Wenzako walisema umeacha shule."

Ng'ombe mmoja alikuwa akicheua karibu nasi na nilisikia meno yake. Mama alitazama chini. Baba alimshukuru mzee kwa kutuonyesha mifugo, akampa mkono, tukatoka. Tulitembea mpaka barabara kubwa. Hapo ndipo aliposimama.

"Unakula wapi?"

Nilitegemea maswali yote, siyo hilo. Nikalia. Nikawaeleza nikiwa nimesimama kando ya barabara, magari yakipita: mtihani, geti, karatasi ya kusimamishwa, duka la kupiga chapa. Mama alinifuta uso kwa kitenge chake. Baba alisikiliza akiwa ameangalia upande mwingine.

"Hiyo karatasi inataka maelezo. Umeandika?"

"Bado."

"Twende ukaandike. Mimi nipo."

Mchana ule, chumbani, niliandika kwa Kiingereza, baba ameketi kitandani na mama akichambua mchele. Nilikuwa nimechapa barua za namna hiyo nyingi, nilijua maneno yake yote. Nilipomaliza, baba aliniambia nimsomee kwa Kisukuma.

Nikaanza. Nikafika mahali nilipoandika kwamba nilishindwa kufika kwenye mtihani kutokana na sababu zisizozuilika. Nilihangaika kuiweka katika Kisukuma. Ilitoka kama: yalinipata mambo ambayo mtu hawezi kuyazuia.

"Mambo gani?" baba aliuliza.

Niliirudia sentensi ile kwa macho, kwa Kiingereza.

"Uliumwa?"

"Hapana."

"Ulifungwa?"

"Hapana, baba."

"Sasa nani alishindwa kuyazuia?"

Mama aliacha kuchambua mchele. Nilisema, kwa Kisukuma, kwamba niliogopa. Niliona aibu kukaa kwenye mtihani wa walioshindwa, kwa sababu kijiji kizima kiliniita daktari kabla sijaondoka.

"Hilo ndilo uandike," alisema. "Hata la kijiji liandike. Sisi ndio tuliokuita."

Niliandika upya mara tatu. Barua ilitoka fupi, nusu ukurasa.

Kesho yake waliondoka. Baba aliniambia nisishuke nao mpaka stendi, niende chuoni na barua yangu, lakini nilishuka nao. Mama aliniambia dirishani nile, nisikae na njaa. Baba alisema nyumbani ataeleza kwamba chuo wamekiona, na huo hautakuwa uongo.

Niliipeleka barua siku hiyohiyo. Karani aliipokea bila kuinua macho. Jibu lilichukua wiki tano, na katika wiki hizo nilikosea barua nyingi za watu dukani, mwenye duka akanionya mara mbili. Walinikubalia kurudi, nirudie mwaka mzima. Nilirudia. Nilimaliza mwaka mmoja nyuma ya wenzangu, na lile somo nililipita kwa alama chache tu.

Siku nilipopata jibu niliandika nyumbani mistari miwili, kwamba nimekubaliwa na nitarudia mwaka, kwa Kisukuma, ili katekista awasomee baba na mama kama ilivyo, asilazimike kuwafafanulia.