Kelele Tuliporukuu

Tajiri wetu wa malori pale Changamwe alitugawia madereva kidude cha kuvaa nyuma ya sikio: ukisinzia, kichwa kikainama, kinapiga kelele. Changu sikuwahi kukisikia, maana mimi, nilijisifu, sisinzii.

Ijumaa moja nilishuka kwenye lori, nikatia kofia, nikakimbilia msikitini. Nikaingia safuni kando ya Mzee Bakari, ambaye bintiye nilitaka kumposa. Tuliporukuu, kitu kikalia. Tukainuka, kimya. Tuliposujudu kikalia tena, palepale upande wa mzee. Wallahi, nikajua ni saa yake.

Baada ya swala nikashindwa kunyamaza. "Shikamoo, mzee. Hiyo saa yako ungeiacha nyumbani."

Akaninyooshea mikono mitupu. "Marahaba. Hebu inama, mwanangu."

Nikainama, na msikiti mzima ukasikia.