Sharti la Balbina wa Mofu

Kila mtu aliyefika Mofu kutoka mbali akaomba mahali pa kulala kwa Balbina alipewa sharti kabla ya kupewa maji ya kunawa. Sharti lilikuwa hili: ukimwaga damu ya mtu hapa, utarudi ulikotoka, na mimi ndiye nitakayesema uondoke. Akishalisema, alipakua wali. Wageni wengi walidhani mama anatania, wakacheka, wakala. Balbina hakuwa akitania. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, Mpogoro aliyeshuka kutoka Mahenge kuja kuolewa, na hakuna aliyewahi kumsikia akifanya mzaha juu ya mpunga au juu ya watu.

Mara ya kwanza sharti hilo lilimwangukia Jeremia, mfugaji wa Kisukuma aliyemvunja mkulima mguu kwa fimbo hadi damu ikamwagika, katika ugomvi wa malisho. Mkutano wa kitongoji ulisimama nyuma ya mwenyekiti wote kwa pamoja. Wanaume walipiga makofi, wanawake wakapiga vigelegele, na Jeremia akaswaga ng'ombe wake kurudi Meatu, kwao Usukuma. Siku ile Mofu nzima ilikuwa na msimamo.

Mara ya pili ilikuwa zamu ya Nikodemu, na msimamo ulibaki kwa mtu mmoja.

Nikodemu alitoka Burundi. Alifika wakati wa kuamia ndege, kijana mwenye kandambili za rangi mbili tofauti. Akaambiwa sharti, akajibu, "Ndiyo, mama," akala. Alikaa kwenye kibanda cha shambani akifukuza kwelea kwelea kwa kombeo na kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya mto. Baadaye akamwoa Oliva, binti pekee wa Balbina, wakapata watoto wawili. Mume wa Balbina alipofariki, Nikodemu ndiye aliyeingia kaburini kulisawazisha. Hakuwa mlevi wala mvivu. Ilipasa mwenyekiti ampeleke Ifakara akaandikishwe kama mgeni. Balbina alisema baada ya mavuno, na mavuno yakapita mengi.

Kilichomharibu Nikodemu ni hasira. Asubuhi moja ng'ombe wa Limbu, mpwa wa Jeremia, waliingia kwenye mpunga uliokuwa unachanua. Limbu mwenyewe alikuwa anakimbia kuwatoa. Nikodemu hakungoja watoke. Panga lilichukua mkono wa kushoto wa Limbu kuanzia kwenye kifundo. Mahakama ilimpa Nikodemu miaka ya kifungo, akaenda kuitumikia, na huko gerezani akajiandikisha kuwa ni mtu wa Mahenge.

Kifungo kilipokaribia kwisha, habari zilifika kwamba watu wa Uhamiaji wangekuja Mofu kuuliza alikozaliwa. Wanakijiji walikutana nyumbani kwa Beatus, jirani mwenye sauti kubwa kuliko shamba lake. Walikuwa wale wale waliompigia makofi Balbina siku ya Jeremia. Safari hii waligundua kwamba Nikodemu ni mwenzao. Sababu haikutajwa pale, kwa hiyo itajwe hapa: aliyekatwa alikuwa Msukuma.

"Nikodemu ni Mpogoro," Beatus alisema. "Amezaliwa Mahenge."

"Mahenge sehemu gani?" mama mmoja akauliza.

"Karibu na kanisa."

"Mahenge yote iko karibu na kanisa, Beatus."

"Ndiyo maana hatutakosea."

Likaja suala la baba. Koo mbili zilijitolea, na kufikia alasiri Nikodemu alikuwa na baba wawili, wote marehemu. Mmoja aliondolewa kwa sababu watu walikumbuka kwamba alikufa bila mtoto na alizoea kulalamika hivyo hadharani. Akabaki mwingine.

"Na mimi nitasema nini?" Balbina akauliza.

"Wewe, mama mwenyekiti, tunakujua, uongo haupiti kooni," Beatus alisema. "Wewe kohoa tu. Afisa akikuuliza, kohoa, sisi tutajibu."

"Sina kikohozi."

"Mkwe wako huyo, mama! Hata kikohozi cha kuazima huna?"

Watu wakacheka. Balbina akaaga, akaenda kwa Limbu, pembezoni mwa kijiji. Alimkuta anamfunga ndama, ncha moja ya kamba ikiwa mkononi na nyingine kwenye meno. Limbu aliitema.

"Shikamoo, mayu," alisema. Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama.

"Marahaba, mwanangu. Nikodemu anatoka. Wenzangu wanataka abaki."

"Wanampenda. Mimi waliniambia nirudi Usukuma hata kabla sijakatwa. Nimezaliwa hapa hapa Mofu, mayu. Huko Usukuma hata kisima sikijui."

"Nimekuja kukuuliza wewe unataka nini."

"Nilitaka mkono." Limbu alimtazama ndama. "Kwa kuwa hauji, sina haja ya mtu kupelekwa Burundi. Akibaki, nitapitisha ng'ombe njia nyingine. Nitaishi hivyo, nikipita njia nyingine."

Akairudisha kamba mdomoni.

Nyumbani Oliva alikuwa anapepeta mchele. Alimwona mama yake anavyoingia, akaujua uamuzi kabla haujatamkwa.

"Umetoka kwa Limbu."

"Ndiyo."

"Mama, mkweo amefungwa. Amekula maharage yenye mawe, amelima shamba la serikali, amemaliza. Kosa moja linaadhibiwa mara ngapi?"

"Kifungo ni cha panga. Kuondoka ni kwa sharti."

"Sharti! Sharti gani linalowaondolea watoto baba?"

"Nililisema siku ya kwanza, kabla hajala. Na baba wa watoto alilijua alipolishika panga."

"Ingekuwa mimi nimemkata Limbu, ungenipeleka wapi?"

Balbina alivua kandambili, akazipanga mlangoni. "Wewe ungefungwa, ukatoka, ukarudi hapa. Hapa ni kwenu, hakuna wa kukuondoa. Yeye alipokelewa."

"Basi ulimpokea hadi akanizalisha, halafu ukakumbuka kwamba ni mgeni."

Balbina akaketi kando yake, akaanza kuchagua mawe kwenye mchele.

Afisa uhamiaji alikuwa mwanamke aitwaye Herieth, mpole, asiyekatiza maneno ya mtu. Aliketi ofisi ya kijiji, na Nikodemu akaketishwa kwenye benchi kati ya askari wawili, amekonda, kichwa kimenyolewa. Beatus alitoa maelezo yake bila kukwama popote: Mahenge, karibu na kanisa, baba marehemu. Herieth alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Balbina.

"Mama, nimeambiwa wewe ndiye uliyempokea. Alitoka wapi?"

Beatus alikohoa kwa niaba yake. Mtu mwingine nyuma naye akakohoa. Kwa muda ofisi ilikuwa kama wodi ya kifua.

"Alitoka Burundi," Balbina alisema. "Aliniambia mkoa wa Ruyigi. Ni mume wa mwanangu. Nilipaswa kumwandikisha na sikufanya hivyo. Kosa hilo ni langu. La kumkata mtu ni lake."

Oliva alikuwa dirishani na watoto kando yake. Aliondoka pale pale.

"Mwenye mke hapa tungeweza kusikiliza ombi lake la kibali," Herieth alisema. "Ila kwa hukumu aliyonayo, hapana. Atarudi."

"Najua. Jeremia naye aliondoka kwa sharti hili hili."

"Jeremia ni nani?"

Wakamweleza. Herieth aliweka kalamu mezani. "Huyo hamkuwa na haki ya kumwondoa. Mtanzania akikosa anapelekwa mahakamani. Hafukuzwi ndani ya nchi yake."

Vikohozi vyote vilikuwa vimepona.

"Basi yule nilimwonea," Balbina alisema. "Nitamtumia ujumbe kwamba anaweza kurudi. Huyu hapa sikumwonea."

Nikodemu aliinua kichwa. Walitazamana, yeye na mama mkwe wake.

"Uliniambia, mama," alisema.

"Nilikuambia."

Alisimama kabla askari hawajamwamuru, akatembea mwenyewe hadi kwenye gari.

Balbina alimtuma Limbu apige simu Meatu, na Jeremia akajibu kwamba anashukuru, ila kule ameshaoa tena na malisho si mabaya. Uchaguzi wa kitongoji ulipofika, Beatus alimshinda Balbina kwa mbali. Balbina alipoita watu wamvunie kwa zamu kama ilivyo desturi, alifika Limbu peke yake. Alivuna hadi jioni, akiyashika masuke kwa kigutu na kuyakata kwa mkono wa kulia, na hawakuzungumza habari nyingine isipokuwa mpunga.

Oliva alifunga mizigo mwezi uliofuata, akapanda basi Ifakara na watoto wote wawili, akamfuata mumewe. Hajapiga simu tangu avuke mpaka. Kutimiza neno lake kulimgharimu Balbina mtoto wake wa pekee na wajukuu wake wote.