Jua Jeusi Juu ya Nchi Isiyo na Usiku

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia chuo cha jioni cha Bwaise, bondeni Kampala, viatu vikiwa mkononi na suruali imekunjwa hadi magotini, maana mvua ya Bwaise hainyeshi, inahamia. Mkuu wa Idara ya Fasihi, mama mrefu kuliko mlango, alinitazama miguu kwanza.

"Umesomea wapi?"

"Hapa hapa, Madam. Masomo ya jioni."

"Afadhali. Wale wa chuo kikuu wakiona tope wanaomba uhamisho." Akanisukumia rundo la karatasi. "Hawa ndio wagonjwa wako."

Wagonjwa wenyewe walikuwa mashairi ya Ulimbwende, yaani yale ya Ulaya ya zamani ambamo mshairi huisikiliza nafsi yake na upepo kuliko mfalme na sheria. Yetu yalikuwa kitabu kimoja cha mshairi asiyejulikana sana, aliyeandika na kuchora kwa mkono uleule. Alichonga maneno na picha pamoja kwenye bamba, yaani kipande cha shaba, akalipaka wino, akagandamiza karatasi, kisha akatia rangi kwa brashi. Kwa hiyo ukurasa wake hausomwi kama gazeti. Mzabibu unaanzia pambizoni, unapenya katikati ya mishororo, unamfunga mtu mguu kule chini. Ukisoma maneno peke yake, umekula posho kavu, ugali bila mchuzi.

Madam alinifundisha kazi kwa kipande cha katoni. Unafunika maneno, darasa linaeleza picha inadai nini. Unafunika picha, darasa linasoma maneno. Kisha unafunua vyote na kuuliza: vinagombana wapi? Hapo vinapogombana ndipo fumbo lilipo.

"Vikipatana, pita," aliniambia. "Mume na mke wakiwa kimya, jirani hana cha kusikiliza."

Ukurasa niliouchagua kuwa mkuu ulisimulia nchi isiyo na usiku, watu wakipanda mlima huku wanaimba. Ndivyo maneno yalivyosema. Lakini kwenye picha, juu ya mlima ule, palikuwa na jua jeusi, duara la wino tii! Mimi mtoto wa Kisenyi niliyelelewa kwa kasida na dhikiri nililielewa mara moja: nuru ikizidi, jicho huona giza. Wallahi, nililifundisha jua lile kwa moto hata taa za darasani zikaona haya. Kitabu chenyewe sikuwahi kukiona. Tulitumia nakala ya nakala, nyeusi na nyeupe, na rangi tulizikisia kama watu wanaokisia chakula cha jirani kwa harufu.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Kisenyi, ghorofani juu ya gereji. Mkuu wa Tawi alikuwa mwanajeshi mstaafu, na Kiswahili chake hakijastaafu.

"Mwalimu, hii jua iko nyeusi sababu gani? Iko vita?"

"Iko fumbo, Afande."

"Basi fundisha fumbo mbio mbio. Fundi anataka kuwasha jenereta."

Nikafundisha mambo ya roho kwa sauti ya mnadani, nyundo zikiniitikia kutoka chini.

Huko ndiko alikokuja Mama Neema, mkimbizi kutoka Kongo, muuza vitenge hatua chache kutoka gereji. Wiki za kwanza alikaa nyuma akinakili tu. Nilipofunua ukurasa ule, akasimama.

"Mwalimu, hii jua miye naijua."

Akatueleza. Siku waliyokimbia kwao ilikuwa asubuhi nyeupe. Wakubwa waliimba njiani ili watoto wasiogope. Yeye aliimba pia, na njia nzima hakuona mwanga. Kwa mara ya kwanza tangu Kisenyi iumbwe, mwalimu alimpa mwanafunzi chaki, akakaa chini.

Mwaka mzima aliandika insha yake ya mwisho ya stashahada juu ya ukurasa ule mmoja. Alikuja na kurasa zake zimelowa machozi, nikimwambia apumzike anakataa. Sentensi moja naikumbuka kama jina langu: "Anayeimba kwamba hakuna usiku, usiku umemkalia kichwani." Nimeandika sentensi za kutosha kuezekea Kampala yote, na hiyo sijaifikia.

Insha yake ikingoja kusahihishwa, nilihamishiwa kituo changu cha mwisho, makao makuu ya chuo, Bugolobi, kwenye vigae na viyoyozi. Mkurugenzi wa Taaluma alikuwa kijana mwenye tai nyembamba. Aliniita nikiwa nakaribia kustaafu.

"Mzee, nakuheshimu, kwa hiyo nakwambia wazi. Huyo Mama Neema wako akipata stashahada, darasa lako la mashairi nampa yeye. Asipopata, nalifunga. Vijana wanataka kompyuta."

Nikatoka pale nikiringa kama bwana harusi. Asipate kwa nini? Insha ile ingeweza kupewa stashahada yenyewe peke yake, bila mwandishi.

Kisha akaja Mtahini wa Nje, yaani msahihishaji anayetoka chuo kingine ili pasiwe na upendeleo. Kijana mpole. Alinionyesha kompyuta yake ndogo ya mkononi.

"Mzee wangu, samahani. Hebu tazama."

Maktaba moja ya ng'ambo ilikuwa imekiweka kile kitabu mtandaoni, na rangi zake zote. Mlima upo. Waimbaji wapo. Juu yao anga ya buluu, tupu. Nilisugua kioo kwa kidole.

Nikampigia simu Madam, aliyekuwa amestaafu zamani.

"Lile duara? Ah! Kitabu chetu kililowa kwenye mafuriko kabla hata hujaja kusoma. Tope likakaukia pale juu, tukitoa nakala linatoka jeusi." Akacheka. "Ulivyokuwa unalisifu, nilidhani unatania!"

Nikarudi kwa Mtahini. "Mpe alama kwa alichokiona."

"Alichokiona hakipo, Mzee."

"Funika picha, basi. Maneno yapo."

"Maneno yanasema hakuna usiku. Picha inasema vilevile. Vinapatana." Aliinamisha macho. "Kwa njia yenu wenyewe, hapa hakuna fumbo."

Mkurugenzi alimalizia: "Mama wa watu amefasiri tope la Bwaise."

Mama Neema akafelishwa, na darasa likafungwa. Mimi nikastaafu, nikapewa keki na saa ya ukutani.

Ninyi mnaoniuliza kazi yetu ilikuwaje, nimewaeleza bamba na katoni, na hayo ni kweli. Binti yangu amenifungulia ule ukurasa kwenye simu. Rangi zake zinashinda harusi tatu za Kibuli. Nimeukodolea macho asubuhi hadi adhuhuri, na mimi niliyewahi kufundisha hadi nukta, ukurasa hauniambii kitu. Na lile jua nililoliamini maisha yangu yote siwezi tena kulitazama.

Juzi nilikwenda Kisenyi kumsalimu Mama Neema. Alinipa kigoda, akanimiminia chai, akauliza habari za nyumbani. Kisha, mkono wake ukiwa juu ya vitenge, akasema:

"Mwalimu, kama ile jua haikuwako, miye nililia nini mwaka mzima?"

Mimi, mtu wa maneno hata usingizini, niliweka kikombe chini.

"Sijui, Mama Neema."

Aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mwanafunzi mwenye adabu. Halafu akachukua mkasi, akamgeukia mteja aliyekuwa anangoja.