Kumfundisha Wifi Kusema "Really"

Wifi yangu, dada wa mume wangu, aliitaka sana kazi ya mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni mtaani Kibenga, hapa mjini kwetu. Binti yake alikuwa akilelewa na bibi yake huko Gitega, na bila mshahara asingeweza kumrudisha mjini. Mwenye nyumba hiyo alikuwa mama wa Kizungu asiyejua ila Kiingereza. Wifi alikuwa na Kiingereza cha shule, cha kujibu maswali, si cha kuongea na mtu. Basi mimi, muuza vitenge wa mtaa wa Asiatique ninayefuata mzigo Kampala, nikajifanya mwalimu.

Nilianza na "really", maana Kampala ukilisema vizuri hata bei inashuka. Nilimweleza kwamba mbele ya neno jingine ni "sana". Likiwa peke yake, sauti ikipanda mwishoni, unamwambia mtu aendelee, unamsikiliza. Sauti ikishuka, unamwambia ni mwongo, kwa hiyo ajihadhari.

Shida ikawa ulimi. Wifi amekulia kwenye Kirundi, r na l kwake ni mapacha, na kila mara lilitoka "riri". Mimi sina subira, nikafoka. Yeye akacheka mpaka akakaa chini. Nampenda kwa kicheko hicho, ingawa sijawahi kumwambia.

Siku ya usaili nilimsindikiza, nikaketi barazani, yeye akiwa ndani, dirisha likiwa wazi. Yule mama alikuja kwa miguu, amechelewa, akilalamika kwamba tangu alfajiri alikuwa kwenye foleni ya petroli na gari ameliacha hukohuko. Wifi akaweka mkono kifuani. "Riiirii," akasema, sauti ikishuka polepole hadi chini kabisa, vile tunavyomwitikia mtu aliyefiwa. Nilifumba macho. Kazi imekwenda na maji, nikajua.

 Nikasikia kiti kikivutwa, na yule mama akaanza upya, safari hii taratibu: foleni, jua, miguu, hata upweke wa kuishi mbali na watu wake. Kila alipotua, wifi alimpa "riri" nyingine ya msibani.

Wifi akatoka. Nilimuuliza wameagana vipi.

"Naanza kesho," akasema. "Wifi, tumpigie mama simu kule Gitega. Afunge manguo ya mutoto."