Shali ya Kumshusha Mama

Shali ya mviringo huanzia kwenye kitu kidogo kuliko kifungo cha shati. Unafunga kitanzi, unafuma mishono michache ndani yake, unavuta uzi ibanane, halafu unaanza kuzunguka. Mwanzoni mzunguko unakwisha kabla chai haijapoa. Baadaye, kadiri unavyoondoka katikati, unaweza kuuanza asubuhi, ukapika, ukafua, ukalala usingizi wa mchana, na bado hujarudi ulipoanzia. Huo ndio ufumaji ninaoupenda. Macho yako wazi, lakini mwenyewe sipo.

Mwaka huo nilikuwa nafumia barazani kwangu, Same mjini, kwenye joto lile la mchana ambapo hata kuku hukaa kivulini midomo wazi. Mapajani nina rundo la uzi wa sweta, rangi ya kahawia. Mbele yangu milima imekaa na mawingu yake. Nikiitazama sana huku mkono unaenda, nilikuwa nahisi baridi ya Mhezi, kijijini kwetu kule juu, ikiteremka polepole kwenye uzi mpaka vidoleni mwangu, na jasho likikauka. Labda nilikuwa nasinzia tu.

Shali ilikuwa ya mama. Tangu baba afariki aliishi peke yake kule juu, na masika yaliyopita aliteleza kwenye njia ya kwenda mferejini, akakaa pale na mguu umeteguka mpaka jirani alipopita kukata majani ya ng'ombe. Tangu hapo moyo wangu haukutulia. Simu ikiita alfajiri, niliitazama kwanza kabla ya kuipokea. Nikambembeleza ashuke tukae wote, chumba nimeshakipaka rangi. Akakataa, akakataa tena, kisha siku moja akasema sawa.

"Nifumie shali kwanza," akasema. "Ile ya kuzunguka. Ukiimaliza, nashuka."

Nilifurahi nusura nicheze pale pale. Wala sikujiuliza mtu anayehamia Same anataka shali nzito ya nini.

Kwetu shali ya mviringo hupimwa juu ya ungo. Unailaza, na ikitulia bapa, umefuma vizuri. Kingo zikiinuka kama za chungu, umesahau kuongeza mishono. Zikijikunja kama jani la kabichi, umeongeza kwa pupa. Mama ndiye aliyenifundisha hayo, enzi vidole vyake havijakakamaa. Nilipompelekea mara ya kwanza aliilaza kwenye ungo, akaipapasa pande zote, akaanza kucheka.

"Wewe umefumia kwenye joto," akasema. "Ona matundu haya! Ukungu wa hapa utapita humu bila hata kupiga hodi."

Ilikuwa kweli. Kule chini mkono ulikuwa umelegea wenyewe, ukiutafutia mwili hewa. Niliifumua karibu yote, na nikanuna njia nzima ya kurudi mjini.

Nikaanza upya, mishono imebanana. Nilipopanda tena shali ilikuwa imeupita ungo, tukailaza kwenye mkeka wa kuanikia maharage. Ilitulia bapa kabisa. Mama akajifunika, akageuka huku na huku.

"Mabega yamepona," akasema. "Mgongo bado. Ongeza mzunguko."

Nikaongeza. Safari iliyofuata mgongo ukawa umepona, ila kiuno kinapigwa na upepo. Nikaongeza. Kwenye simu nikamwambia sasa itafika magotini, akaniambia magoti yake ndiyo yanayomuuma zaidi. Jirani yangu wa Same akaniuliza kama nafuma shali au turubai la msiba. Nilicheka naye, lakini nilianza kuogopa kidogo, kama mtu aliye kwenye ndoto anayetembea kuelekea nyumbani na nyumba haisogei karibu.

Baada ya mavuno ya maharage nilipanda nayo kwenye mfuko, nzito kama mtoto aliyelala. Mama alikuwa jikoni anapika makande.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Lete nione."

Nikamfunika kuanzia kichwani. Ilimfika kwenye vifundo vya miguu. Akatoka nayo uani, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Alitembea taratibu akigusa vitu vyake: nguzo ya banda, shina la mparachichi, ukingo wa kaburi la baba. Shali ilikuwa rangi ya udongo, kwa hiyo mara namwona, mara simwoni. Nilisimama mlangoni nikasikiliza nyayo zake tu. Sijui ilikuwa muda gani. Nilijiona mtoto tena, ninayesubiri arudi kutoka shambani, na nilikuwa na amani ambayo sijaipata popote pengine.

Akatokea upande wa pili, amezunguka nyumba yote.

"Imetosha, mama?"

Aliangalia chini bondeni, kule ambako mji ungeonekana kama kusingekuwa na ukungu. "Ongeza mzunguko mmoja tu," akasema, kwa sauti ndogo, ya mtu anayeomba ruhusa.

Ndipo nikaelewa. Niliona hasira kwanza, nikataka kumuuliza huo uzi ninaubeba wa nini. Kisha hasira ikayeyuka, ikabaki huruma, tena kubwa. Simu za alfajiri zingeendelea kunishtua. Nilijua hivyo kabla sijafungua mdomo.

"Mama, ukitaka kubaki, baki. Sitakushusha. Ila mferejini usiende peke yako."

Aliingia jikoni, akafunua sufuria, akageuza makande, akaonja chumvi. Kisha akanigeukia, macho yamelowa na kicheko kinamtoka.

"Basi kata uzi," akasema. "Shali hii ilitosha tangu Pasaka."