Nilivyoijaza Fomu ya Baba Mdogo

Naandika haya kwa aibu. Mie ni mwalimu wa Kiingereza shule ya msingi huku Ukonga, kwa hiyo baba mdogo alipofariki hospitalini, fomu ya hospitali, iliyoandikwa Kiingereza, niliachiwa mie niijaze. Nikafika palipoandikwa "personal effects".

"Hapo wanauliza nini, mwanangu?" mkewe, mama mdogo, akauliza.

"Wanauliza kama dawa zilimletea madhara," nikajibu bila hata kusita.

"Madhara hakupata."

Nikaandika hakuna, nikasaini kwa mbwembwe, kalamu nikairudisha mfukoni kama daktari.

Wiki moja baada ya mazishi, mama mdogo akaikumbuka kofia aliyomshonea mumewe kwa mkono walipooana. Marehemu alilazwa akiwa ameivaa. Tukarudi wodini.

Muuguzi akaitafuta fomu, akaisoma, akaniangalia.

"Personal effects ni vitu vya mgonjwa, kaka. Nguo, simu, kofia. Umeandika hakuna, na sahihi ni yako. Vitu visivyo na mwenyewe tunavichoma. Tumeshavichoma."

Mama mdogo hakumtazama muuguzi. Alinigeukia mie, akasema taratibu, "Si uliniambia wanauliza habari za dawa?"